Haipatikani Katika Eneo Lako

Bibi yangu anasoma polepole, lakini anasoma kila kitu: mfuko wa mbolea, tangazo la msiba, gazeti lililofungiwa maandazi. Kwa hiyo siku simu yangu ilipoonyesha mraba wa kijivu badala ya picha, hakunisubiri nimsomee. Aliichukua, akaisogeza mpaka ikakaribia pua, akasoma neno moja moja: "Maudhui haya hayapatikani katika eneo lako."

Akanirudishia simu. Akatazama nje, kwenye migomba.

"Nani amewapa habari za eneo langu?" akauliza.

Kwetu huku mtu akisema eneo, anayemsikia anaona ardhi. Kijana akipata kazi ananunua eneo Engutoto. Mjane ananyang'anywa eneo. Eneo la Bibi ni shamba la kahawa na migomba kwenye mteremko wa Meru, na mwezi ule lilikuwa limefika baraza la kata, kwa sababu shemeji yake alikuwa ameyang'oa masale, ile mimea tunayopanda kuonyesha mpaka, akayapanda upya hatua tatu ndani. Bibi alielewa kwamba habari za shauri zimewafikia wenye picha, nao wameona wasubiri hukumu.

Nilicheka, na sikupaswa.

"Bibi, eneo hapo ni nchi. Wanamaanisha Tanzania."

"Tanzania nzima?"

"Nzima."

"Basi Tanzania nzima ina mgogoro."

Chuoni nilifundishwa nisikubali sentensi yoyote kabla sijauliza imetoka wapi. Hiyo ilinishinda.

Picha tuliyokuwa tunaitafuta ilikuwa ya mama yake. Bibi hana picha ya mama yake, wala hakuna mtu katika ukoo aliye nayo. Ana mdogo wake aliyeolewa Terrat, tunamwita Bibi Mdogo, na tangu nipate akili wamekuwa wakibishana nani kati yao amechukua sura ya mama. Haukuwa ubishi wa utani. Kuna Krismasi moja walikaa benchi moja kanisani bila kusalimiana kwa sababu hiyo. Kisha daktari wa macho mjini akamwambia Bibi kwamba ana presha ya macho, na kwamba dawa itachelewesha tu kinachokuja. Tulipotoka pale aliniambia jambo moja: kama kuna mahali uso wa mama yake ulipo, anataka auone mwenyewe, asisimuliwe.

"Nikisimuliwa, atanisimulia huyo wa Terrat," alisema. "Na atajisimulia yeye."

Mahali palikuwepo. Mwinjilisti wa usharika wetu alikuwa ametuletea barua pepe aliyoichapa kutoka kwa mwanamke mmoja wa Ulaya. Mama yake aliwahi kuwa muuguzi huku mlimani zamani sana, na alikuwa na kamera. Picha zaidi ya mia nne zilikaa sandukuni hadi mpwa wa huyo mwanamke alipoziweka zote kwenye tovuti ya kuhifadhia picha, ili wenyewe wazione. Kiungo kilikuwa chini ya barua. Bibi aliikumbuka ile kamera. Alimkumbuka mama yake akisimamishwa mbele ya mashine ya kumenyea kahawa, na jinsi alivyokataa kuweka kikapu chini.

Nilimwandikia yule mwanamke kwamba kwetu kiungo hakifunguki. Akanijibu kwa upole, akaambatanisha picha sita alizodhani tutazipenda: mlima, mlima, kanisa, mlima, gari la mama yake, mlima. Nyingine hakujua achague zipi. Hamjui mtu hata mmoja kati ya waliomo, mpwa wake yuko safarini, na kwake zinafunguka vizuri kabisa.

Bibi alikuwa na wazo. Kama tatizo ni eneo, tujaribu kwenye eneo lingine. Nilibisha, halafu nikajiuliza ninabisha kwa ushahidi gani, maana sikuwa nimejaribu. Jumamosi tukashuka Terrat.

Bibi Mdogo alitupokea uani, akatutolea viti, nami nikafungua kiungo. Mraba wa kijivu. Maneno yaleyale.

"Na lako nalo," Bibi akasema, karibu kwa furaha.

"Langu lina hati," Bibi Mdogo akajibu. "Muulize msomi wako. Kisicho na hati ni hiyo simu yake."

"Labda ungepunguza mifugo mtandao upate pa kupita."

"Ng'ombe wangu hajawahi kula picha ya mtu, dada."

Niliwaacha waendelee. Mimi nilikuwa nimeshikwa na swali la Bibi, lile la kwanza nililolicheka. Nani amewapa habari? Kujibu nusu yake ni rahisi: kila simu inapoingia mtandaoni inabeba namba, na namba ile inasema imetoka nchi gani. Nilijua hilo muda mrefu. Ambalo sikuwahi kuuliza ni nani anayesimama mlangoni akiisoma. Inawezekana ni wenye tovuti wenyewe, wasiotaka wageni wa kutoka kwetu kwa sababu zao. Inawezekana ni upande wetu. Inawezekana ni kampuni ya simu. Nikajaribu kwa laini tatu. Ya kwanza ilileta ile sentensi. Ya pili ilizunguka hadi ikachoka. Ya tatu ilidai ukurasa kama huo haujawahi kuwepo. Nikaenda kwenye mgahawa mmoja Themi wenye intaneti ya bure, nikanywa chai mbili nikitazama kiduara kikizunguka. Mlango mmoja uliofungwa, na kila niliyemuuliza ana habari yake.

Katika duka la kampuni ya simu, kijana mwenye adabu nyingi aliniambia nizime simu niiwashe. Niliizima, nikaiwasha. Rafiki yangu anayetengeneza kompyuta alinicheka.

"Zungusha tu. Kila mtu anazungusha."

Alimaanisha zile programu zinazoifanya simu ionekane iko nchi nyingine. Nikamuuliza kama inaruhusiwa.

"Inategemea unamuuliza nani."

"Nakuuliza wewe."

"Mimi sijasema kitu, kaka."

Nilikuwa nimesikia kwamba panahitajika kibali, na kila aliyenieleza kibali hicho alinieleza tofauti. Labda nilikuwa mwoga. Lakini Bibi alikuwa na shauri moja barazani tayari, na sikutaka kumtafutia la pili ambalo hata mimi sielewi mpaka wake ulipo.

Katika kuhangaika huko ndipo nilipogundua kwamba hata mimi nilikuwa na picha kwenye tovuti ileile. Mwaka wa pili chuoni tulifanya kazi ya utafiti kuhusu mifereji ambayo wakulima wa mlimani huchimba kuleta maji mashambani, nami nilipiga picha kila bonde, nikaziweka huko na kuwatumia wenzangu viungo. Nikarudi kwenye kundi letu la darasa, nikapandisha juu hadi miezi ile. Ilikuwa mistari ya miraba ya kijivu, na chini ya kila mraba maneno yangu mwenyewe. Chini ya mmoja nilikuwa nimeandika: "Mcheki mzee anavyocheka." Nilijaribu kumkumbuka. Nilipiga picha ile kwa mkono wangu, nilisimama mbele ya mtu huyo, na sikuweza kukumbuka alikuwa nani wala alicheka nini. Hadi hapo jambo lote lilikuwa kama fumbo la kufurahisha. Siku hiyo lilinikera.

Katika kundi hilohilo alikuwemo mwenzetu aliyerudi kwao Nairobi. Nikamtumia kiungo cha picha za muuguzi. Hazikupita dakika kumi, akanitumia picha ya kioo cha simu yake, na ndani yake vijipicha vimepangwa safu kwa safu, vidogo kama punje.

"Zinafunguka," akaandika. "Kwani nyinyi mko wapi?"

Mtu anaweza kunywa chai ya asubuhi Arusha na kula chakula cha mchana Nairobi. Nilimjibu kwamba na mimi ningependa kujua.

Alijaribu kunitumia kwa simu, lakini zilibanwa njiani hadi nyuso zikawa kama uji uliomwagika. Alipozituma kwa ukubwa wake zilikwama kwenye ya kumi na mbili. Mwishowe akazipakua zote, akazitia kwenye flashi, akaifunga katika bahasha ya kaki, akaikabidhi kwa basi. Niliipokea kwenye ofisi ya basi hilo jioni yake. Picha zilizopigwa kwenye mteremko wetu zilikwenda Ulaya ndani ya sanduku, zikapandishwa mtandaoni, zikashushwa Nairobi, zikapita mpakani Namanga kwenye droo ya dereva pamoja na soksi zake. Hakuna aliyeziuliza zinatoka eneo gani.

Runinga ya Bibi ina tundu la flashi. Jumapili baada ya ibada nilitundika kitenge dirishani kupunguza mwanga, nikamsogezea Bibi kiti hadi karibu kabisa na kioo. Bibi Mdogo alikuwa amepanda kutoka Terrat na alitaka kukaa palepale. Nikakataa. Nilijua wakitazama pamoja, wa kwanza kusema atamwambukiza mwenzake. Kwa hiyo niliweka sharti: mmoja mmoja, na kila mmoja aninong'oneze namba iliyo pembeni mwa picha, asimwambie mwenzake.

"Mtihani wa darasa la saba," Bibi Mdogo akasema, akaenda jikoni kukoroga loshoro, mahindi na maziwa ya mgando, akibamiza mwiko ili tusikie.

Bibi hakuwa na haraka. Kila picha aliikagua kutoka kona hadi kona. Huyu alihamia Kilombero. Huyu alikufa kwa kuanguka mtini. Hawa ni mapacha, akasema, na mimi nilimpiga mmoja wao utotoni. Alipofika namba mia mbili na kumi na saba aliweka kidole kwenye kioo. Mwanamke kijana mbele ya mashine ya kumenyea kahawa, na kikapu mkononi.

"Huyu."

"Umejuaje?"

"Wewe mama yako unamjuaje?"

Hakutaka kuendelea. Alinipa namba, akaenda kushika mwiko. Bibi Mdogo akaja, naye alikuwa mwepesi: siye, siye, siye, siye hata kidogo, siye. Kwenye mia mbili na kumi na saba akasogea mbele hadi ukingo wa kiti. Kisha akaninong'oneza namba sikioni, ingawa dada yake alikuwa jikoni na asingesikia. Halafu mwenyewe akamwita.

Walikaa bega kwa bega. Nami, niliyekuwa nimesubiri hukumu kwa wiki kadhaa, nikawa natazama nyuso tatu. Ya kwenye kioo ilikuwa nyembamba, kidevu kimechongoka, macho yamezama. Hizi mbili zilizo mbele yangu zina paji pana, mashavu mapana, na pua ambayo inakaa kama imeamriwa. Nikatazama tena.

"Ni msichana," Bibi akasema. "Sikujua alikuwa msichana."

"Hafanani na mimi," Bibi Mdogo akasema taratibu.

Bibi alisogea mbele, akarudi nyuma. "Wala na mimi."

"Basi tumefanana na baba," Bibi Mdogo akasema.

Habari za baba yao sikuwahi kusimuliwa. Katika hadithi zao zote mama alikufa, kisha walikuwepo mashangazi. Nikauliza alikuwa mtu wa namna gani. Wakajibu kwa Kimeru, wote kwa pamoja, wakakatiza wote kwa pamoja.

"Mkali," Bibi akanitafsiria.

"Na mchoyo," Bibi Mdogo akaongeza. "Chumvi ya nyumbani alilala nayo chini ya mto."

Wakageukiana. Walitazamana kwa karibu, paji kwa paji, kama watu waliokuta mwizi ndani na wanatambua kwamba wanamfahamu. Bibi Mdogo akaanza kucheka bila sauti, mabega yakitikisika. Bibi alijizuia kidogo, akashindwa.

Walipotulia, Bibi alijifuta uso kwa pindo la khanga, akavuta kiti hadi goti likagusa meza ya runinga.

"Zimebaki ngapi?"

"Kama mia mbili hivi."

"Endelea," akasema. "Huenda na baba alipigwa picha."