Mkeka Uliovuka Kioo

Nilifika Rwamgasa, kwenye machimbo ya dhahabu, baada ya siku tatu za mabasi kutoka Songea, makopo ya rangi yakiwa yamebanwa kati ya miguu yangu. Nilichora mapazia ya studio za picha: ziwa, ngazi za ghorofa, ndege ikipaa. Wachimbaji walisimama mbele yake wakatuma picha makwao.

Mwaka wa pili mwenye studio alitundika runinga kubwa ukutani, mahali pa mapazia. Mteja akawa anachagua bahari kwa kidole. Mapazia yangu yakakunjwa.

"Fundi, usinune," aliniambia. "Bahari yako haina mawimbi."

Mama ntilie aliyetulisha mchana alikuwa na mimba ya miezi minane. Nesi alimkataza safari. Kwao Didia, mama yake alikuwa anasubiri kupelekwa hospitali ya Kolandoto kupasuliwa. Hawakuwahi kupiga picha pamoja, mama na binti, na aliogopa wasije wakaikosa kabisa.

Tukaunganisha simu na runinga. Mama akatokea, mkubwa kama alivyo, ameketi mkekani mbele ya ukuta wa udongo mwekundu. Kumwona tu, binti akapiga magoti kusalimia, kama alivyolelewa. Simu tuliyoiegesha kwenye ukingo wa chini wa runinga ikabaki inatazama ukuta mtupu.

"Amekwenda wapi huyo?" mama aliuliza. "Mtandao umekata?"

"Nipo, mayu. Nipo chini."

"Simama basi nikuone!"

"Nikusalimie nimesimama? Mimi?"

"Simama, dada," mwenye studio alicheka, "huyo mtoto atazaliwa na sugu magotini."

Hakusimama.

"Basi runinga ndiyo ipige magoti," nilisema.

Tukaishusha hadi sakafuni, nikaomba siku moja. Nilifungua makopo. Nikauendeleza ukuta wa Didia pande zote za kioo, kisha nikachora sakafuni kipande cha mkeka, mistari ya zambarau na kijani ikutane na ile ya kwenye runinga.

Kesho yake mama aliketi palepale. Binti akapiga magoti juu ya rangi yangu, kando ya bega la mama yake.

"Sogea, mwanangu. Mkeka ni mkubwa."

Akasogea. Kwenye picha, mkeka ulikuwa mmoja.

Upasuaji ulikwenda salama. Mtoto alizaliwa wa kike, na alipofikisha miezi miwili mama yake akambeba kwenda Didia kumwonyesha bibi. Niliwasindikiza hadi stendi. Basi lilipoondoka, nikajua na mimi nimemaliza Rwamgasa.

Asubuhi iliyofuata mwenye studio aliniomba nipake ukuta rangi nyeupe kabla sijaondoka. Wateja walitaka bahari yao. Nilipaka ukuta wote. Sakafu sikuigusa.

Nilikuwa mlangoni na begi langu alipoingia mchimbaji, buti zimejaa tope. Akatazama chini, akainama, akazivua, akaziweka pembeni kwa adabu. Kisha akakanyaga mkeka.