Likizo ya Agosti bila senti: kalongolongo iliyokaribia kumhamisha dada yangu kutoka Kawangware

Wakuu, nawasalimu kila mmoja kwa nafasi yake.

Nimeona wazazi humu wakiulizana namna ya kuwachangamsha watoto wakati wa likizo huku mfuko ukiwa mtupu. Ninalo jibu, ila jibu lenyewe nusura limkoseshe dada yangu mahali pa kulala. Nitasimulia nilichokiona na kukisikia mwenyewe. Pale nilipokisahau, nitakiri kuwa nimekisahau.

Kwanza, hali ilivyokuwa.

Ilikuwa miaka ya tisini, mwezi wa Agosti, ile baridi ya Nairobi isiyo na mvua. Chuo chetu kilikuwa kimefungwa kwa muda usiojulikana. Mimi nilikuwa nikiishi Kibera, upande wa Soweto, katika chumba tulichopanga wanafunzi wawili. Kazi sikuwa nayo, wala dalili yake.

Dada yangu, ambaye majirani walimwita Mama Nekesa, alikuwa Kawangware, sehemu ya Kongo. Ploti yao ilikuwa na vyumba kumi vya mabati vilivyotazamana, uwanja mwembamba wa simiti katikati, na mfereji mmoja, yaani bomba la maji, mwishoni mwa uwanja. Kila alfajiri alikwenda Lavington kufua nguo za watu. Chumba chake kilikuwa karibu na shule ya watoto, tena kilikuwa cha kwanza maishani mwake kisichovuja. Naomba mkumbuke jambo hilo.

Watoto walikuwa wawili: Nekesa, miaka tisa, na Wafula, miaka mitano.

Wiki ya kwanza ya likizo walicheza mpira wa makaratasi uwanjani. Mpira uliangusha kamba ya nguo, na nguo zilizokuwa juu yake zilikuwa shuka za caretaker, msimamizi wa ploti.

Caretaker huyo aliitwa Baba Pamela. Alikuwa mrefu, mwenye sauti ya chini, na kila wakati alining'iniza rundo la funguo kiunoni. Usiku alikuwa mlinzi mahali pengine, kwa hiyo mchana alilala. Alimwambia dada yangu hivi:

"Mama Nekesa, mimi sina ubaya na wewe. Lakini hawa watoto wakiniamsha tena, mwisho wa mwezi utafute nyumba."

Jumamosi dada alinifuata Kibera. Hakuketi.

"Umesoma mpaka chuo ikafungwa," alisema. "Sasa kuja ukae na hawa watoto kabla hatujatupwa nje."

Basi kila asubuhi nikawa natembea kutoka Soweto, napanda hadi Ngong Road, navuka, nateremka Kawangware. Ni zaidi ya saa moja kwa miguu. Habari za viatu vyangu tuziache.

Nilijiwekea masharti matatu. Mchezo usigharimu chochote. Usitoke nje ya geti. Usimwamshe Baba Pamela.

Brikicho, ule mchezo wa kujificha na kutafutana, ilishindwa siku ya kwanza, kwa kuwa anayekamatwa hupiga mayowe. Kati, ule wa kumlenga kwa mpira aliye katikati, ilishindwa kwa sababu mpira hugonga milango. Bladder nayo, ule wa kuruka kamba, hata kamba yake ikiwa ya mpira mtupu, haichezwi bila kuimba. Ikabaki kalongolongo.

Kwa wasiokulia Nairobi: kalongolongo ni ule mchezo ambao watoto hujenga nyumba yao, mmoja akawa mama, mwingine baba, wakapika udongo kwenye makopo. Tulikuwa na makopo matupu ya mafuta ya kupikia. Vizibo vya soda vikawa sahani, nyasi za kando ya geti zikawa sukuma wiki. Gharama: hakuna.

Hapo ndipo lilipoingia kosa langu.

Mimi ni mtu nisiyestahimili jambo la kukadiria. Nekesa alipowapa wageni wake chai papo hapo, nilimsimamisha.

"Nekesa, hayo maji yamechemka saa ngapi?"

"Khocha, si ni mchezo tu?" Khocha ni mjomba, kwa lugha ya kwetu.

"Hata mchezo una utaratibu."

Nikawatungia kanuni. Kila mmoja aigize mtu anayemjua, afanye kile ambacho mtu huyo hukifanya kweli, kwa mpangilio uleule anaoufuata. Niliona nimewapa elimu ya maana.

Nekesa aliichukua kanuni ile kwa uzito ambao ungenitisha kama ningekuwa na akili. Alikaa mlangoni akiwatazama wapangaji, kisha akarudi kuwasahihisha wenzake. "Mama Otis hakai hivyo. Yeye hukunja mguu moja, halafu anasema woi." Watoto wa ploti nzima wakajiunga, wakafika wanane. Tena walicheza kwa kunong'ona, kwa kuwa watu wazima walipokuwa kwenye foleni ya maji walinong'ona.

Wiki mbili zikapita bila kelele.

"Hawa umewapea dawa gani?" dada aliniuliza.

Sasa lazima niseme habari ya maji. Tangu Pasaka, mfereji ule ulikuwa ukikauka kila siku ifikapo saa nne asubuhi. Baba Pamela alieleza kwamba maji yanakatwa huko juu. Kina mama wakawa wanabeba mitungi hadi kioski cha barabarani. Hakuna aliyeshuku. Nairobi ya wakati ule, maji kupotea hakukuhitaji maelezo.

Jumapili moja baada ya kanisa, dada aliomba aonyeshwe mchezo huo uliotuliza ploti. Majirani wakatoa vigoda, wengine wakakalia mitungi. Nilijaa fahari.

Wafula alitokea akiwa amevaa gambuti, vile viatu virefu vya mpira, kubwa kumzidi, vizibo vya soda vimetungwa kwenye waya kiunoni. Watu wakacheka, wakamtambua. Alifika mbele ya foleni ya watoto wenye makopo, akatikisa kichwa polepole.

"Maji imekatwa huko juu. Ata mimi sielewi."

Kisha akazunguka nyuma ya bafu la ploti. Tulisikia bati likiinuliwa. Waliokaa pembeni walimwona akiinama na kuzungusha mkono mara tatu. Akarudi, akajilaza kwenye gunia, akajifunika gazeti usoni, akakoroma.

Hakuna aliyecheka.

Mama Otis, jirani wa dada aliyeuza dagaa wa omena, aliinuka bila haraka, akaenda nyuma ya bafu. Bati likalia tena, na koki iliyofichwa chini yake ikafunguliwa. Mfereji ukakohoa mara mbili, ukatema kutu, halafu maji yakatiririka.

"Wafula," dada aliuliza kwa sauti ya chini, "nani amekufundisha hivyo?"

Jibu lilitoka chini ya gazeti. "Khocha alisema tufanye vile mtu hufanya."

Baba Pamela alikuwa amesimama mlangoni pake. Baadaye alituambia kwamba kilichomwamsha ni ukimya.

Dada alinishika mkono wa shati. "Umetuhamisha," aliniambia.

"Baba Pamela," Mama Otis alisema, "tangu Pasaka nabeba mtungi na hii mgongo, kumbe maji iko hapa imelala na wewe?"

"Mnaburuta mitungi kwa simiti mpaka kichwa inauma. Mimi natoka kazi asubuhi. Ningelala saa ngapi?"

"Si ungesema."

"Niliwaambia mara ngapi mkaniita mzee wa usingizi?"

Kina mama wakatazamana. Ilikuwa kweli, walimwita hivyo.

Akamgeukia Wafula, ambaye alikuwa bado anakoroma kwa uaminifu. Aliinama akazitazama zile gambuti.

"Na wewe. Mimi silali na viatu."

Wa kwanza kucheka alikuwa dada yangu, nadhani kwa woga. Baba Pamela akawa wa pili. Sikumbuki nani alikuwa wa tatu, maana baada ya hapo ploti nzima ilikuwa ikicheka.

Nilichojifunza, wakuu: mtoto hahitaji kununuliwa chochote ili acheze mwezi mzima. Mpe makopo, udongo na kanuni moja. Lakini kabla ya kumwambia aigize ukweli, uliza kwanza ni ukweli upi anaoujua.

Karibuni mseme. Nyinyi mliigiza nani kwenye kalongolongo, na mwenyewe alijua?

Yaliyofuata ni haya. Koki ile haikufungwa tena mchana. Mitungi ikawa inabebwa badala ya kuburutwa, hadi saa nane mchana, Baba Pamela alipoamka. Jumatatu Wafula alilala kwenye gunia lake bila gambuti. Mwisho wa mwezi ulifika, na dada yangu aliishi katika chumba kile miaka sita zaidi.