Sufuria Lenye Mfuniko Wake

Kwa miaka yote niliyoishi London, sikuwahi kuwa na sufuria lenye mfuniko wake. Masufuria nilikuwa nayo, tena mengi, lakini kila moja lilifunikwa kwa kitu cha kuazima: hili kwa sahani, lile kwa sinia, na lile la wali kwa kikaango kilichogeuzwa juu chini. Wali uliiva, sikatai. Lakini shoga yangu, nesi mzaliwa wa Tanga mwenye maneno kuliko redio, kila akiingia jikoni kwangu Thornton Heath alicheka mpaka akashika meza.

Sababu yake naijua, na wala si umaskini. Kwetu sufuria zuri hujinunulii. Unapewa. Unapewa kwenye kichenpati yako, siku chache kabla ya harusi: wanawake wanakuja nalo wakicheza, wamelibeba kichwani, wanakufunda kazi yake mbele ya watu, vigelegele vinapigwa, unaambiwa hongera. Mimi nimecheza na masufuria ya watu tangu usichana wangu. Nimechanga, nimebeba, nimekata kiuno hadi mgongo ukalalamika. Kuolewa, sikuolewa. Mama yangu, kule Singida, aliniwekea masufuria chini ya kitanda chake, yamefungwa kwenye magazeti, akiingojea siku yangu. Nilipovuka arobaini akayatoa, akampa mdogo wangu. Hakuniambia. Niliyaona kwenye picha za simu, yamepangwa jikoni kwa mdogo wangu, yanang'aa. Iliniuma sana, na sikumwambia mtu.

Basi Jumamosi hiyo tulikuwa tunakwenda kununua la mtu mwingine, kama kawaida. Mpwa wa shoga yangu alikuwa anaolewa, na kamati ya kichenpati ilitutuma sisi wawili. Shoga alikuwa amegundua duka la kiwanda upande wa Neasden, linalouza yale masufuria ya chuma kizito yaliyopakwa rangi ya kung'aa, ambayo kwenye maduka ya kawaida tunayapita tumefumba macho. Pale yanauzwa kwa punguzo, mengine kwa sababu yamebaki, mengine kwa sababu yana kasoro ndogo.

Tulipoingia, tukapagawa. Masufuria ya buluu, ya manjano, ya rangi ya nyanya, yamepangwa mpaka karibu na dari! Shoga akaanza kuyagonga kwa kucha huku ametega sikio, kama anayechagua nazi sokoni. Mimi nilikuwa nafunua mifuniko na kufunika, nafunua na kufunika, ili tu nisikie ule mshindo wake mzito. Wanawake wa hamsini na kitu, mmoja ana presha, tunachekeana kama wasichana wa bweni. Dada wa dukani, mwenye aproni, akaja kuuliza kama tunahitaji msaada. Shoga akamjibu kwa Kiingereza kwamba tuko sawa, kisha akanigeukia.

"Tunachohitaji sisi ni mtu wa kutuzuia."

La bibi harusi tulilipata mapema: jekundu, kamili, halina hata alama. Nikageuka, nikaliona lile. Lilikuwa kwenye rafu ya kasoro, la kijani kama kisamvu, na karibu na mshikio wake rangi ilikuwa imeacha kidoa kisichozidi punje ya mtama. Nikalishika. Mfuniko wake ulikaa sawasawa, bila kucheza, bila kunung'unika. Nikalikumbatia.

"Hilo bibi harusi hapewi," shoga akasema. "Lina doa, shoga yangu, watu watatusema."

"Si la bibi harusi."

"La nani sasa?"

Nikazidi kulikumbatia. Uzito wake ulikuwa unanivuta mabega. Ni upuuzi, najua. Mtu nina kazi yangu uwanja wa ndege wa Heathrow, nina nyumba ninayoilipia mwenyewe, lakini neno "langu" lilikataa kutoka mdomoni. Niliona nikijinunulia, ndiyo nimekubali kabisa kwamba hakuna atakayeniletea akicheza. Nikalirudisha rafuni.

Shoga akanitazama. Nikisema yule mwanamke ana maneno simsingizii, lakini hapo hakusema hata moja. Alivua mtandio wake, akausokota kata, akauweka kichwani, kisha akalinyanyua lile la kijani na kulitua juu yake. Chuma kile! Nilidhani shingo yake inazama mabegani. Akaanza kucheza, kutoka rafu ya kasoro kuelekea kwa keshia, hatua zile ndogondogo za kichenpati, kiuno kinakwenda na sufuria limetulia tuli. Akapiga kigelegele.

Duka zima likasimama. Dada wa aproni alitanguliza mikono kama golikipa, tayari kudaka. Mimi nilikuwa nacheka na kulia, sijui kipi kilianza, na nikajikuta namfuata nyuma nikicheza, jekundu la bibi harusi mikononi.

Upande wa vikaango akatokea bibi mmoja wa Kihindi, amevaa sari, koti zito juu yake, na raba miguuni.

"Nani anaolewa?" akauliza, kwa Kiswahili kilichonyooka. Baadaye alitueleza kwamba alizaliwa Mwanza, na kwamba alikuwa anatoka kwenye hekalu la Wahindu la hapo jirani.

"Shikamoo mama," shoga akasema kutoka chini ya sufuria. "Hakuna anayeolewa. Tunampa mwenzetu sufuria lake."

"Marahaba." Akanitazama toka juu hadi chini, nami nikangojea aniulize mume wangu yuko wapi. Akaweka mkoba wake sakafuni. "Na nani anamfunda?"

Tukatazamana. Kweli, sufuria haliendi bila mafunzo.

"Nifunde wewe, mama," nikasema.

Akainua kidole. "Usilisugue kwa waya wa chuma. Usilitie maji baridi likiwa la moto. Na mtu akija kuliazima, mwambie limesafiri."

Tukapiga vigelegele, yeye akapiga makofi. Dada wa aproni naye akapiga makofi, nadhani kwa sababu chuma kilikuwa kimefika kaunta salama. Nikatoa kadi yangu, nikalilipia mwenyewe.

Kesho yake mchana nilipika wali wa nazi, nikampigia mama kwa video nimwonyeshe.

"Nani kakununulia?" akauliza.

"Nimenunua mwenyewe, mama."

Akasogeza uso kwenye simu mpaka nikawa naona paji tu. "Hebu funika." Nikafunika. "Funua." Nikafunua. "Mfuniko ni wake?"

"Ni wake."

Uso wake ukatoka kwenye kioo. Nikadhani mtandao umekata. Kisha simu ikaanza kutikisika mkononi mwake, nikaona dari, nikaona pazia, na mama yangu, ambaye siku hizi hatembei bila fimbo, akapiga kigelegele kirefu mpaka jirani akaja mlangoni kuuliza kulikoni.

"Binti yangu mkubwa," nikamsikia akimwambia. "Kapata sufuria lake."