Mama na barua yangu ya matiti

Leo mama yangu kaitangazia kliniki nzima kwamba mwanawe wa kiume ana matiti.

Mwana huyo ni mimi.
Nina miaka hamsini na moja, na ndevu. Nilizaliwa Salma, mwaka wa tisa huu naitwa Salim, na watu wote wananiita hivyo isipokuwa Mama.

Huku kwa Waingereza, wanawake wa rika langu huletewa barua ya kupimwa saratani ya matiti. Mimi sikuletewa, kwani kwa daktari nimeandikishwa mwanamme.
Nikanyamaza zangu.
Mama, ambaye dadake alikufa kwa maradhi hayo, akanikokota.

Yule wa mapokezi akazitazama ndevu. "Wanaume wanasubiri nje."

Kiingereza kikamtoroka Mama. "Huyu mwanangu Salim! Ana matiti! Mpimeni!"

Bibi mmoja wa Kipemba kwenye foleni akatafsiri. Kwa sauti kubwa zaidi.

Chekeni tu. Mie nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nimepimwa. Mashine ile inabana, wallahi, haina huruma!

Kwenye basi la kurudi mtaani kwetu Lewisham nikamwambia, "Mama, leo umeniita Salim."

"Nilikuwa na hasira. Usizoee."

Sasa hivi kapiga simu: "Salim, barua ya majibu ikija, usiifungue peke yako."