Walimlisha mbwa wangu pilipili ili awe mkali, alipouma wakaleta kamba

Wakuu, hamjambo. Na nyinyi mnaosoma kila kitu humu kimya kimya bila kucomment, pia nawasalimu.

Uzi huu nauandika nikiwa na hasira, nawaambia mapema. Jana kuna member ameuliza afanye nini mbwa wake awe mkali. Watu wazima, wengine na picha za watoto wao kwenye profile, wakamjibu: mfungie gizani, mlishe pilipili, mtafutie kiota cha nyigu. Likes zikamiminika.

Nilizima simu nikaanza kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Sasa ngoja niwaambie hiyo kitu inafanya nini, maana nimeiona nyumbani kwangu. Siongezi chumvi. Wengi waliokuwepo wako hai, na mmoja wao ana smartphone na najua atasoma hapa. Soma, shemeji.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa mama mchanga, nimemaliza Form Four nikaolewa, na mtoto wangu Mwende alikuwa bado hajaanza nursery. Boma ya wakwe zangu ilikuwa Kanyangi. Mume wangu alikuwa fundi wa magari Kiboko, kule barabarani, anakuja nyumbani mara moja moja. Mimi nilibaki bomani na mama mkwe, ambaye nilimwita mwaitu kama mama yangu mzazi, na shemeji yangu Musyoka, mdogo wa mume wangu.

Baada ya mavuno nikaenda Kiboko na Mwende kumtembelea Baba Mwende.

Nyuma ya ile ploti aliyopanga kulikuwa na nyumba imehamwa. Wenyewe walikuwa watu wa biashara, walibeba kila kitu, hadi waya wa kuanikia nguo wakaukunja wakaenda nao. Kitu kimoja wakaacha. Mbwa, amefungwa mnyororo kwenye mti wa mkilifi.

Mnyororo ulikuwa umeanza kuingia kwenye ngozi ya shingo. Sufuria yake ilikuwa imekauka mpaka inang'aa.

Nikamuuliza mlinzi wa ploti huyu mbwa ni wa nani.

"Ni wa hao walienda."

"Na anakula nini?"

"Mama, huyo atajifia tu. Usijali."

Usijali! Yaani mtu anapita hapo asubuhi na jioni, anamwona, anaenda kunywa chai. Na ni mtu wa kanisa, Jumapili yuko mbele anaongoza nyimbo.

Baba Mwende alikata ule mnyororo kwa msumeno wa chuma. Mbwa hakubweka wala hakukimbia. Alilala chini akajikojolea. Mwende akasema ana kofia, kwa sababu alikuwa mweupe wote isipokuwa doa jeusi kichwani. Hapo akapata jina, Kofia.

Wanawake wa pale wakaniambia nimtie kwenye gunia nikimpeleka Kanyangi, ati mbwa akiona njia atarudi alikotoka.

Arudi wapi? Kwa mnyororo?

Nilimpandisha nyuma ya pickup ya rafiki wa mume wangu, macho wazi, aone njia yote. Hakurudi popote.

Niwaambie ukweli, kumzoesha nyumbani haikuwa rahisi. Siku za kwanza aliishi chini ya ghala. Mtu akishika jembe, anatetemeka. Musyoka akikohoa, anatetemeka. Chakula niliweka pale karibu, nikageuka nikaendelea na kazi zangu kama sijamwona, ndipo alikula. Nilimpa ukoko wa ugali na maji yaliyochemshiwa muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, na mwaitu akilalamika kwamba hayo maji ni ya kuku.

Polepole akatoka. Kwanza kichwa. Kisha akaanza kunifuata mtoni, mbali kidogo, nikisimama anasimama. Baadaye akawa analala mlangoni mwa jikoni, na Mwende anamruka akiingia na akitoka, na yeye hainui hata sikio.

Siku aliyotikisa mkia mara ya kwanza nilikuwa napepeta mbaazi. Niliuacha ungo pale nikacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Lakini Kofia hakuwa anabweka.

Hiyo ndiyo ilikuwa kesi yake. Musyoka alisema kila jioni: "Shemeji, hii si mbwa, hii ni mgeni. Inakula, inalala, inangoja kesho." Majirani wakija wanamruka tu. Mwaitu naye akasema mwizi wa mbuzi akija, Kofia atamshikia taa.

Nilicheka nao. Nilijua angebweka akiwa tayari. Mtu aliyeachwa kwenye mnyororo bila maji, huwezi kumdai nyimbo.

Halafu mama yangu mzazi akaugua, kule kwetu Matinyani. Nikambeba Mwende nikaenda kumuuguza. Kofia nikamwacha na mwaitu, nikamwonyesha chakula chake na mahali pa kuweka. Akasema nenda tu mwanangu, hata sisi tunajua kuweka mbwa.

Mama alipopata nafuu nikarudi, nikamkuta Musyoka ameketi nje, anatabasamu mpaka masikioni.

"Shemeji, umekuja wakati mzuri. Mbwa wako ameenda shule."

"Shule gani?"

"Ya ukali. Tangu uende yuko ndani ya kile kizizi cha ndama, giza totoro. Mchana namnyima, jioni namlisha ugali ya pilipili kichaa. Jana nikampatia mfupa wenye kipande cha kiota cha nyigu ndani. Aiee! Ungemsikia! Sasa anabweka hata upepo."

Wakuu, alisema hivyo kama mtu anayetangaza kwamba amenijengea choo. Hakuficha chochote. Kwake ilikuwa zawadi. Baba yake alifanya hivyo, babu yake alifanya hivyo, boma zote za pale zilifanya hivyo.

Kabla sijaweka mzigo chini, mwaitu akaenda mbio kwa kizizi ili anionyeshe. Alikuwa na furaha. "Njoo uone mbwa sasa," akasema, akavuta mti wa mlango.

Kofia alitoka kama risasi akamuuma mguu, kwenye msuli wa nyuma.

Alimuuma mara moja akamwachilia, akakimbia chini ya ghala, pale alipoanzia.

Mwaitu alilia, damu ikatoka. Majirani wakafika. Na hapo ndipo nilipojua watu wana vichwa vya aina gani.

Mmoja akasema yakatwe manyoya ya huyo mbwa, yachomwe, majivu yawekwe kwenye kidonda. Mwingine akasema kidonda kifungwe na tumbaku. Nikawasukuma wote, nikakiosha kile kidonda kwa maji mengi na sabuni ya kufulia mpaka mwaitu akanitukana. Nilifundishwa hivyo shuleni na sikusahau.

Nikiinua kichwa, Musyoka anakuja na kamba.

Kwetu ni desturi. Mbwa akimuuma mwenye boma, ananyongwa siku hiyo hiyo, ati ameonja damu ya nyumbani hatakoma.

Nikaketi chini mbele ya ghala, nikapanua lesso nikaziba pale alipokuwa.

"Shemeji, toka hapo."

"Sitoki."

"Amemuuma mama yangu!"

"Nani alimfundisha kuuma? Si umesema ameenda shule? Mwanafunzi akipita mtihani, mwalimu huleta kamba?"

Watu wengine wakacheka. Musyoka hakucheka. Mwaitu, mguu umefungwa kitambaa, akaniambia maneno ambayo sijayasahau: "Mwana wa wenyewe, unachagua mbwa unaacha boma ya mume wako?"

Haikuwa swali. Nilijua anachosema. Ningeweza kurudishwa kwetu Matinyani kwa sababu ya mbwa, na mtoto wangu angebaki.

Sikuinuka.

Kilichomwokoa Kofia saa ile ni daktari wa mifugo. Alikuwa sokoni Kanyangi, siku ya mnada, mtoto wa jirani akamwita. Alifika na pikipiki yake akauliza swali la kwanza: mbwa yuko hai? Akasema asiuliwe. Afungwe, aangaliwe. Akikaa salama mpaka muda wa kumwangalia uishe, basi hana kichaa. Akiuliwa leo, hatutajua. Na mama apelekwe hospitali Kitui kesho asubuhi, adungwe sindano, mambo ya manyoya yaachwe.

Basi Musyoka akaweka kamba begani. Hakuitupa. Aliitundika kwenye ukuta wa nyumba yake, kila mtu aione.

Wakuu, hizo siku za kungoja ndizo ziliniua.

Kofia alikataa maji. Nikiweka maji, ananusa, anarudi nyuma. Nanyi mnajua watu wanasema nini mbwa akikataa maji. Kufika jioni habari ilikuwa sokoni: mbwa wa mke wa fundi anaogopa maji, ni kichaa, na huyo mwanamke analala naye. Jumapili kanisani mama mmoja akasimama akaombea "wale wanaopenda wanyama kuliko wazazi." Alifumba macho lakini uso aliugeuza upande wangu.

Hata mimi nikaogopa. Nilikuwa na mtoto. Nilimfungia Mwende ndani, akawa analia dirishani anamwita Kofia.

Nikamrudia daktari. Akaja, akavaa glavu nene, akamfunga Kofia mdomo kwa kamba ya kitambaa, akainua midomo yake pembeni. Akaniita nione. Fizi zilikuwa zimevimba, ncha ya ulimi iliyochomoza ina malengelenge, na alama mbili za miiba ya nyigu zilikuwa bado kwenye shavu la ndani.

"Huyu haogopi maji," akasema. "Maji yanamchoma."

Akaniambia nimpe uji mwepesi uliopoa, na nisimkaribie sana mpaka muda uishe.

Nilirudi nikapita mbele ya mwaitu bila kumsalimia. Ni makosa, najua. Lakini akaniuliza mwenyewe daktari amesema nini, nikamwambia yote, ya fizi, ya ulimi, ya miiba. Nilisema kwa sauti ya juu ili na Musyoka asikie huko aliko. Kesho yake nilimwona mwaitu amesimama na fimbo yake, mbali, anamtazama Kofia akilamba uji. Analamba kidogo, anaacha, anatikisa kichwa, analamba tena. Mwaitu alisimama pale mpaka sufuria ikaisha.

Muda ukaisha na Kofia ni mzima. Mwaitu naye alikuwa amedungwa na mguu unapona.

Mngedhani kesi imekwisha. Wapi!

Baba Mwende alikuja kutoka Kiboko, na wazee wawili wa ukoo wakaitwa. Musyoka akasimama akaeleza: mbwa hana kichaa, sawa, lakini alimuuma mwenye boma, na desturi ni desturi. Ile kamba alikuwa amekuja nayo.

Mume wangu si mtu wa maneno. Alimuuliza ndugu yake swali moja.

"Musyoka, ukifungiwa gizani bila chakula, unalishwa pilipili na nyigu, yule wa kwanza kufungua mlango utamsalimia?"

"Mimi si mbwa."

"Ndiyo maana wewe ndiye ulipaswa kuwa na akili," nikasema.

Mzee mmoja akanikemea, mwanamke haongei kabla hajaulizwa. Nilikuwa nimeshasema.

Wakanong'ona, wakakubaliana kwamba neno la mwisho ni la aliyeumwa. Niliangalia mlango wa nyumba yangu nikaanza kuhesabu nguo za Mwende nitakazobeba.

Mwaitu hakuinuka, aliongea akiwa ameketi, mguu ameunyoosha mbele.

"Mguu ni wangu," akasema. "Na pilipili ilikuwa ya shamba langu. Mimi ndiye niliitwanga, huyu kijana alilisha tu. Mkitaka kunyonga, anzeni na mimi. Musyoka, nenda ukafunge ng'ombe na hiyo kamba."

Wazee wakaitisha chai.

Sasa msianze kuniandikia hapa chini "happy ending". Sitaki kusikia.

Kofia aliishi nasi miaka mingi, tukahamia naye Kiboko, akazeekea huko. Alibweka, ndiyo, na mwizi akimsikia angetafuta boma lingine. Lakini kwa maisha yake yote, ukimpa chakula, hata nyama, alikigusa kwanza kwa ncha ya ulimi, anaruka nyuma, anangoja aone kama kitamchoma. Kila siku. Asubuhi na jioni. Watoto wangu waliozaliwa baadaye walidhani mbwa wote hula hivyo.

Mwaitu, Mungu amrehemu, kila alipotutembelea aliangalia hilo jambo mara moja tu, kisha anageuza uso.

Somo langu ni hili. Mbwa aliyeteswa si mvivu, anangoja kujua kama wewe ni kama wale wengine. Ukimjibu kwa pilipili, amepata jibu. Mpe chakula, mpe njia ya kukimbia, mpe muda, ukali utakuja siku akiwa na kitu cha kulinda. Na mkimfundisha kuuma, msishangae akimuuma mwenye mlango.

Nyinyi mliolike ile post ya jana, njooni hapa mniambie mbwa wenu hula vipi. Wengine mlioletewa mbwa waoga mkawazoesha kwa upole, andikeni mlifanya nini, kuna watu wanataka kujifunza.

Shemeji, na wewe ukifika hapa comment. Uliiweka kamba chini, lakini hukuwahi kuomba msamaha.