Karatasi Zisizo na Sahihi

Kazi yangu ni masjala, katika wizara moja pale Mtumba. Barua ikiingia naigonga muhuri, naipa namba, naitia kwenye jalada lake. Isiyo na sahihi naikataa. Nimewahi kuzirudisha hata za wakubwa, na nikatamba nazo wiki nzima.

Dada yangu alimfuata mume, dereva wa malori, nchi jirani, kabla watu wa huko hawajaanza kuuana wenyewe kwa wenyewe. Vita vilipousogelea mji wake, vipeperushi vya habari vikaanza kugawiwa sokoni. Alivipiga picha akanitumia. Kila kimoja kilikuja na njama yake: wageni waliopanga gesti wameficha petroli, mwoka mikate ni mtu wa waasi, Ijumaa visima vitatiwa sumu. Ijumaa ikafika, watu wakachota maji, wakapika, wakala.

Nilicheka. Nilivichapa nikavifungulia jalada, na pembeni nikaandika kwa wino mwekundu: nani kasema?

"Dada, hizi ni porojo," nilimwambia kwenye simu.

"Lisemwalo lipo, mdogo wangu. Kama halipo, laja."

Kisha kikaja kimoja kifupi kuliko vyote. Hakikuwa na sumu wala petroli. Kilisema barabara ya kusini itafungwa, mwenye watoto aondoke leo. Akanipigia. Mumewe alikuwa safarini, yeye ana watoto wawili, na jirani alikuwa amembakizia nafasi kwenye gari.

"Wewe ndiye unayezijua karatasi. Niende?"

Nilikitazama. Hakina jina, hakina sahihi, hakina tarehe.

"Tulia nyumbani, dada. Karatasi isiyo na mwenyewe si karatasi."

Akanishukuru. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba alinishukuru.

Barabara ikafungwa kweli, na tangu siku ile simu yake haipatikani. Nimechelewa mno kuelewa kwamba aliyeandika kile kipeperushi asingeweza kutia sahihi akabaki hai. Sisi wa masjala hatujui kuliogopa jina letu wenyewe.

Mama yuko Chemba. Kila Jumapili ananiuliza, "Dada yako kasemaje?" Namjibu mtandao unasumbua. Kisha nakaa kwenye chumba changu cha kupanga Nzuguni, nasikiliza upepo ukirusha vumbi kwenye bati, na sina mtu hata mmoja wa kumwambia nilichofanya. Ni upweke wa kujitakia, najua.

Jalada bado ninalo. Kazini kwetu, jalada lililokwisha huandikwa P.A., likarudi kabatini. Linalosubiri jibu huandikwa B.U., pamoja na tarehe ya kuletwa tena mezani. La dada naliandika B.U. kila jioni, tarehe ya kesho. Asubuhi nalifungua, napiga namba yake, nasikiliza ile sauti ya kwamba haipatikani mpaka mwisho.

Ukurasa wa mbele umejaa tarehe sasa. Kila moja nimeitia sahihi.