Supu ya makaroni ya mama, na jibu langu lililoimwaga

Wakuu, salamu kutoka Mweiga. Mimi ni mzee, mjukuu ndiye amenifungulia akaunti hii. Sitaongeza chumvi, isipokuwa ile ya kwenye sufuria.

Asubuhi hii ukungu umeshuka mpaka mlangoni, nami napika supu ya mboga na makaroni. Mvuke ukipanda, namwona mama.

Kwa watakaouliza: kaanga kitunguu, tia karoti, viazi, maharagwe yaliyochemshwa jana na maji mengi. Kabichi ifuate. Makaroni mwisho kabisa. Ukiyawahisha, utakula uji.

Mama alijifunza haya akiwafulia nguo masista wa Kiitaliano kule misheni.

Kisha ikaja Emergency, ile hali ya hatari ya mkoloni dhidi ya wapigania uhuru waliokuwa msituni. Tulihamishiwa kwa nguvu kijiji kilichozungushiwa handaki. Wanawake walilichimba kutwa, halafu wakapewa muda mfupi tu wa kukimbia shambani kabla ya kafyu.

Hakuna aliyepata chakula cha kutosha peke yake. Basi mama na majirani wanne wakaungana: huyu viazi, yule karoti, mwingine kuni. Mama alitoa makaroni, konzi mbili alizokuwa amezificha.

Sufuria moja, nyumba tano.

Alasiri moja majirani walikuwa wameenda kuwaita watoto wao. Moshi ulipanda polepole, harufu ikajaa kibanda, na kwa dakika chache nikasahau kwamba nje kuna handaki. Bado naota dakika hizo.

Homgadi, askari mwenyeji wa mkoloni, akainama mlangoni na bunduki yake.

"Mama Kamau, sufuria kubwa hivi? Ati unalisha jeshi?"

"Nalisha njaa, baba. Keti nikupakulie."

Akacheka, akanigeukia. Shule yetu ilikuwa imefungwa, na mimi pekee kijijini ndiye niliyefika sekondari.

"Wewe msomi, hapa mnalala wangapi?"

"Wawili, afande." Kwa Kiswahili safi, kifua mbele.

Mama alifumba macho.

Wakuu, wakati ule kuwapelekea chakula watu wa msituni lilikuwa kosa kubwa. Chakula cha watu wengi, watu wawili. Hesabu ikajifunga yenyewe.

Ningesema, "Lakini majirani wanne wanakula hapa." Nilifungua mdomo, nikaitazama bunduki, nikaufunga. Kwa hilo siusingizii ujana. Ni langu.

Supu ikamwagwa majivuni. Majirani walipofika na watoto wao, mama alikuwa ameshachukuliwa, na hakuna aliyewasikiliza. Alikaa kizuizini miezi minne.

Alirudi amekonda, vidole vimevimba. Hakunigombeza. Siku ya tatu, akimenya viazi, alisema tu:

"Kamau, wewe ulihesabu vitanda. Mimi nilikuwa nahesabu vijiko."

Hakulitaja tena mpaka alipofariki. Nami sikuwahi kumwomba msamaha kwa maneno. Nilikuwa namchotea maji, nikidhani anaelewa.

Nilichojifunza: unaweza kujibu swali sawasawa na bado ukaunyima ukweli nafasi. Na msamaha usiuache uchemke muda mrefu. Unakauka.

Siku hizi naishi peke yangu, lakini sufuria yangu ni ile kubwa. Majirani wanajua. Sasa hivi nasikia mmoja langoni, akiniita babu kwa Kikuyu:

"Guka! Makaroni imeiva ama bado?"

Wacha niweke vijiko. Nawe kama kuna chakula kinachokurudishia mtu, mwandike hapa chini. Nitasoma nikishapakua.